Maswali ya Wasomaji: Kiuno cha Sketi ya Chakacha

SWALI: Assalamu alaikum, Bi Fundi. Ninafundisha kikundi cha wasichana 8 hapa Kisauni ambao hucheza chakacha katika harusi na katika sherehe za shule. Mwaka huu tuliona tuache kufunga leso nyongani, tuwashonee sketi pana za duara zinazokaa chini ya kiuno, ambazo mstari wake wa juu unazama mbele kama bakuli na kupanda nyuma. Nilianza na sketi moja ya majaribio. Msichana ana kiuno cha sentimita 72 na nyonga za sentimita 98. Niligawanya 72 kwa 6.28 nikapata 11.5 hivi, nikakata duara kwa kipimo hicho, kisha nikachora upande wa mbele mstari wa kuzama sentimita 7, unaokwenda ukiishia ubavuni kote kuwili, nikaukata. Sketi ilipovaliwa ilikuwa imelegea mbele hata ngumi mbili zikaingia, na msichana alipokata kiuno mara mbili tatu ikamshuka. Je, nimekosea hesabu au nimekosea kitambaa?
Mwalimu wa ngoma, Kisauni

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Kitambaa hakina kosa, na hesabu yako ya kwanza ni sahihi, kwa kuwa ukigawanya mzingo kwa 6.28 unapata nusu kipenyo cha tundu la duara zima. Kosa liliingia mkasi ulipokwenda mara ya pili.

Sketi ya duara ina tabia moja ambayo sketi nyingine hazina, nayo ni kwamba kila sentimita 1 unayoondoa kwenye ukingo wa tundu lake, ukizunguka pande zote, huongeza sentimita 6.28 katika mzingo. Mwili haupanuki kwa kasi hiyo. Msichana wako anatoka 72 kiunoni hadi 98 nyongani, yaani tofauti ya sentimita 26, na tofauti hiyo imetawanyika katika kimo cha kama sentimita 20, kwa hiyo mwili wake unapanuka sentimita 1.3 tu kwa kila sentimita 1 ya kuteremka. Kitambaa chako kinafunguka karibu mara 5 ya mwili. Nilikichora kipimo chako kwenye karatasi, nikasimamisha tepu juu ya ukingo wa mstari ulioukata, nikapata karibu sentimita 89 badala ya 72. Msichana mwenyewe, hata baada ya kushuka kwa mbele, hahitaji pale zaidi ya kama 76. Hizo 13 zilizozidi ndizo ngumi mbili ulizoziona.

Na kama hukutoa nafasi ya mshono kabla ya kukata, sketi imelegea zaidi ya hapo. Ukikata tundu kwa nusu kipenyo cha 11.5 halafu ukashona sentimita 1 kutoka ukingoni, mstari wa uzi umehamia 12.5, na umejiongezea sentimita 6 bila ya kujua. Nafasi ya mshono katika tundu huingia ndani kuelekea katikati ya duara, kwa hiyo nusu kipenyo cha kukatia hupunguzwa, hakiongezwi. Mimi nililijifunza hili katika sketi ya satini nyeupe ya harusi ya dada yangu, ambayo ilivaliwa usiku mzima ikiwa imeshikwa kwa pini 11, na aliyeivaa hakuthubutu kuketi.

Shauri langu, basi, ni kwamba umbo la kiuno lisichongwe katika duara. Lichongwe katika kipande kingine, mshipi mpana wa nyonga, na duara libakie na tundu la mviringo wa kawaida ambalo hesabu yake ni nyepesi. Mshipi ndio utakaozama mbele na kupanda nyuma, na sketi itaning'inia kutoka ukingo wake wa chini, ambao utakwenda sambamba na sakafu pale nyonga zilipo pana kabisa.

Mshipi huo haupatikani kwa kukisia mezani. Mvalishe msichana taiti na fulana inayobana, kisha mfunge lastiki nyembamba pale unapotaka sketi ikae, na umwambie acheze. Usimwambie asimame tu, maana lastiki iliyowekwa kwa mkono hukaa pale mkono ulipopenda, lakini baada ya dakika 1 au 2 za kukata kiuno itahamia pale mwili wenyewe unapoishika: itazama kidogo chini ya tumbo, itapanda mgongoni, na ubavuni itakaa juu ya mfupa wa nyonga. Hapo ndipo kiuno cha sketi hiyo. Mara nyingi utaona kwamba kuzama kwa sentimita 7 ulikokuwa umekuchora kulikuwa kwingi mno, na kwamba 3 au 4 zinatosha kulifanya jicho lione bakuli.

Lastiki ikiwa bado ipo mwilini, chukua bafta, ile nyeupe nyembamba ya bei nafuu, umzungushie nyongani kipande cha kimo cha sentimita 25, ukikaza kwa pini ubavuni kulia na kushoto. Utaona bafta inakataa kulala juu huku ikibana chini, kwa sababu nyonga ni pana kuliko mahali lastiki ilipo. Kusanya ziada hiyo katika pini za ubavuni, na nyuma ukunje vibano viwili vidogo, kimoja kila upande wa uti wa mgongo. Kisha chora kwa kalamu juu ya bafta mstari wa lastiki, na chini yake mstari wa pili unaopita penye upana mkubwa wa nyonga, ukiupima kutoka sakafuni kwa rula ndefu ili usipande wala usishuke. Mvue, kata kwenye mistari yako, funga vibano hivyo vya nyuma kwa gundi ya karatasi, na ukilaza vipande hivyo mezani utaona kwamba havikuwa mistatili hata kidogo: vimepinda kama kipembe cha tikiti, upande mfupi ukiwa juu. Mafundi wengi wanaoanza hukata mshipi wa mstatili na kisha wakashangaa unafunguka juu kama mdomo wa kapu. Kupinda huko kwa tikiti ndiko kunakouzuia.

Kunja kila kipande katikati yake na usawazishe kulia na kushoto, kwa maana hakuna mtu ambaye nyonga zake mbili ni sawasawa, lakini mtazamaji husamehe mwili na hasamehe nguo. Ongeza sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya mishono, kisha kata mara mbili, cha juu na bitana yake. Cha juu kibandikwe kwa pasi kile kitambaa kigumu kinachotumika katika kola za mashati, lakini ubandike chepesi, kwa sababu mshipi wa ngoma unapaswa kugeuka pamoja na nyonga. Mshipi mgumu kama kasha humficha mchezaji kiunoni, na kiuno ndicho watu walichokuja kukitazama.

Sasa duara. Nyonga ni 98, mpe nafasi ya sentimita 2 ya kupumua, ziwe 100. Gawanya kwa 6.28, unapata 15.9. Toa sentimita 1 ya mshono, kata kwa 14.9. Urefu upimwe kutoka ukingo wa chini wa mshipi hadi unapotaka pindo lifike, na nyuma uongeze sentimita 2 au 3, kwa kuwa makalio hula urefu na sketi isiyoongezwa nyuma huonekana kama imevutwa. Ikiwa urefu huo ni sentimita 75, utahitaji nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha karibu sentimita 94 pamoja na mapindo na nyongeza ya nyuma, na katika kitambaa cha upana wa sentimita 150 hizo hazitoki katika mita 3. Nunua mita 4, na mabaki ndiyo yatakayotoa mshipi na bitana yake.

Kabla hujaliinua duara kutoka mezani, shona mstari mmoja wa mishono mifupi karibu na ukingo wa tundu, tabaka moja tu la kitambaa, usishone chochote pamoja nalo. Tundu la duara lina sehemu nne ambazo nyuzi za kitambaa zimekwenda mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari hutanuka kwa uzito wake chenyewe. Nimeona tundu la 100 likawa 106 kwa kutundikwa tu msumarini wakati fundi amekwenda kuswali. Ukishakwisha kuliunganisha na mshipi, kata vijikato vidogo katika nafasi ya mshono, karibu na uzi lakini bila ya kuugusa, ili mviringo ulale bila kukunjamana.

Kwa sababu ya mshazari huohuo, usipinde chini siku hiyohiyo. Itundike sketi kwa mshipi wake usiku mzima na mchana wake, na kwa unyevu wa hewa yetu mimi hupendelea siku 2 ikiwa ni satini au shifoni. Sehemu za mshazari zitashuka, pindo litakuwa na mawimbi. Mvalishe msichana, amesimama juu ya meza, na upime kutoka mezani kwenda juu kwa rula, ukitia alama za chaki kila baada ya shibiri moja huku wewe ndiwe unayemzunguka na yeye hageuki. Kata mawimbi, kisha upinde pindo jembamba, la nusu sentimita mara mbili. Pindo pana halikubali mviringo.

Ile sketi uliyokwisha kuiharibu usiitupe. Tundu lake mbele limefika nusu kipenyo cha 18.5, kwa hiyo ulizungushe lote liwe 18.5. Mstari wa uzi utakuwa 19.5, yaani mzingo wa karibu sentimita 122, na ukingo wa mshipi ni 100. Zile 22 zilizozidi uzikusanye kwa marinda madogo, mengi yakiwa nyuma na machache ubavuni, mbele uache pawe shwari. Nyuma utakuwa umepoteza sentimita 7 za urefu, lakini mshipi wenye kimo cha sentimita 10 utazirudisha. Kuna wasichana watakaoipenda hiyo kuliko nyingine zote, kwa jinsi marinda yale ya nyuma yanavyorukaruka.

SWALI: Shikamoo, Bi Fundi. Mama yangu ananisisitiza sketi zetu za ngoma zitoke katika leso, si satini, naye amekwisha kununua doti 4 katika Mtaa wa Biashara. Nataka sketi ya duara lakini naogopa jina la leso litakatika. Tena nataka mshipi wenye ncha mbele, inayoshuka kama pembe tatu.
Binti wa Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama yako ana haki, na sisemi hivyo kwa kumwogopa. Pamba ya leso hunywa jasho, haitelezi nyongani, na katika ngoma yetu macho ya wakubwa huitafuta leso kwanza.

Leso moja kwa kawaida ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110, kwa hiyo hutoa nusu duara moja yenye nusu kipenyo cha 75, na doti moja hutoa duara zima. Ukitoa tundu la 14.9 unabakiwa na urefu usiofika 60 kabla ya mapindo. Kwa msichana mdogo inatosha, kwa mtu mzima ni sketi ya magotini. Lakini si urefu unaonizuia. Leso imechorwa kwa mistari iliyonyooka: pindo limeuzunguka mji, yaani ile sehemu ya katikati, pande zote nne, na jina limeandikwa juu kidogo ya pindo la chini. Ukikata duara, pindo linaondoka pembeni, jina linakatwa kati au linapanda ubavuni likiwa limelala, na nusu moja ya sketi inakuwa na mji uliosimama wakati nyingine ina mji uliopinduka. Nimeona sketi ambayo mbele yake ilikuwa imebakia na nusu ya maneno ya leso, na nusu hiyo peke yake ilikuwa na maana ambayo mwenye harusi hakuifurahia.

Fanya marinda. Unganisha leso mbili za doti ubavu kwa ubavu, upate mzingo wa karibu mita 3, na uukusanye uingie katika mshipi wa sentimita 100, yaani kila sehemu 3 za leso zinaingia katika sehemu 1 ya mshipi. Urefu upunguze juu, usipunguze chini kamwe, ili pindo na jina vibaki mahali pake. Na kwa kuwa leso mbili za doti ni sawasawa, jina litasomeka mbele na tena nyuma. Utakosa kidogo ule mpanuko wa duara, ambalo pindo lake lingepita kidogo mita 4 na nusu, lakini nguo ya mita 3 haikosi kufunguka mtu akizunguka. Zifue kwanza leso zote kwa maji ya kutosha na uzikaushe kabla ya kuzitia mkasi, maana leso mpya ina wanga na wanga ukitoka kitambaa hujikunyata. Wengi hufanya hivi baada ya kushona, na ndipo sketi 8 zilizokuwa sawa zinapokuwa na urefu wa namna 8.

Kuhusu ncha ya mbele, hapa kuna mtego uleule niliomweleza mwalimu wa Kisauni. Ukitaka sketi ifuate ncha, itabidi uikate juu kwa umbo la ncha hiyo kinyume chake, na kona ya katikati ni ngumu kushona hata kwa fundi wa miaka mingi: ama inakunjamana, ama uzi unaikosa na tundu linabaki. Usiiunganishe ncha na sketi. Shona mshipi wa ndani, wa kawaida, wenye ukingo wa chini ulionyooka, na sketi yako iungane na huo. Mshipi wa nje wenye ncha ushonwe juu tu na ubavuni, upande wa chini uwe umekwisha kugeuzwa na bitana yake, uning'inie huru juu ya marinda. Hapo unaweza kuifanya ncha iwe na sentimita 8 au 12 upendavyo bila ya kugusa hesabu ya sketi, na mchezaji akikata kiuno ncha itapigapiga juu ya kitambaa kwa mdundo. Kata mshipi huo kutoka katika pindo la ile leso ya ziada, michirizi ikielekea nchani. Doti 4 kwa sketi 3 ni kipimo kizuri.

SWALI: Bi Fundi, tunashona puleki na ushanga katika mishipi ya sketi. Kila tukicheza, mishipi inateremka mbele, na mara ya mwisho ushanga ulimwagika jukwaani. Tufanyeje?
Kikundi cha akina mama, Changamwe

JIBU: Ushanga ni mzito kuliko unavyoonekana ukiwa kiganjani, na ukiurundika wote mbele ya mshipi ulioshuka mbele tayari, mnauvuta uendako. Hamisheni theluthi ya uzito iende nyuma, juu ya makalio, ambako pia ndiko kunakotikisika zaidi, na mbele muache puleki ambazo ni nyepesi. Ndani ya ukingo wa juu wa mshipi, kati ya kitambaa na bitana, pitisheni lastiki ya upana wa sentimita 2 iliyo pungufu kwa sentimita 6 au 7 kuliko mshipi, na mwanzo na mwisho wake uwe kwenye mshono wa ubavu wa kushoto palipo zipu, mkikaza ncha zake huko kwa mshono wa kwenda na kurudi. Hilo litaukamata mshipi bila ya kumkaba mtu.

Kumwagika kumetokana na uzi mmoja mrefu. Mapambo yote yashonwe kabla bitana haijafungwa, kwa uzi uliokunjwa mara mbili na kupakwa nta ya mshumaa, na kila baada ya shanga 4 au 5 mfunge fundo nyuma ya kitambaa ndipo muendelee. Uzi ukikatika zitaanguka 5, hazitaanguka 200. Wachezaji wenu huingia miguu mitupu, na shanga za kioo juu ya sakafu ya saruji hazina mzaha. Mkishamaliza, ushikeni mshipi kwa mikono miwili mbele ya taa na mvute kidogo: palipo na uzi uliolegea mtauona mwanga ukipita.